Muulize Mama Gemu: ya mkononi au ya sebuleni?

Barua za mwezi huu zimenijia kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni, zote kwa mpigo na zote zinagombea mlango mmoja: ninunue gemu ya mkononi au ile ya kuchomeka kwenye TV? Nimechagua saba. Kwa anayenisoma mara ya kwanza: nilikuwa na kibanda cha gemu Mwananyamala miaka kumi na moja, nikianza na PlayStation 2 mbili na TV mbili za chogo, moja ikiwa imegeuka kijani upande wote wa kulia. Sasa nina meza ya ufundi Kariakoo, ghorofa ya pili, ngazi haina taa. Vijana walionipa jina la Mama Gemu leo wananiletea mashine za watoto wao.

"Shikamoo Mama Gemu. Nina watoto watatu: wa kiume miaka 13, wa kike miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 2. TV tunayo moja na mwenye rimoti ni baba yao. Nimepokea mchezo wangu wa upatu na nimewaahidi gemu. Mkubwa anataka PS4 ya mtumba kwa ajili ya mpira, mdogo wake ameona Switch kwa jirani na hataki kusikia kingine. Fedha inatosha moja tu. Nifanyeje?" – Mama wa Tabata

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupokea mchezo. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua: mwenye rimoti ni baba yao.

Mashine ya sebuleni kwa kawaida haina kioo chake. Ya kwanza kuuzwa madukani, Magnavox Odyssey ya Marekani mwaka 1972, ilikuja na plastiki za rangi za kubandika kwenye TV ya familia, ili nukta nyeupe zinazotembea zifanane na uwanja wa tenisi. Kuanzia hapo hadi PlayStation 5, karibu mashine hizi zote ni wageni wa TV ya mtu. Ukinunua PS4, Jumamosi ya Simba na Yanga mwanao atazimiwa akiwa anaongoza mabao mawili, na wewe ndiye utakayeitwa kuamua.

Gemu ya mkononi ilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na sebule. Inasimuliwa kwamba Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo, alimwona abiria kwenye treni huko Japani akipoteza muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Mwaka 1980 akatoa Game & Watch, vigemu vidogo vyenye kioo cha aina ile ile ya kikokotoo, na mwaka 1989 timu yake ikatoa Game Boy. Ukiiona leo utacheka. Rangi nne tu, zote za kijanikijani kama maji ya mlenda, na kioo hakina taa. Usiku ulikuwa unaifuata balbu. Wakati huo huo Atari walikuwa na Lynx, na mwaka uliofuata Sega wakaleta Game Gear, zote zina rangi na taa ndani. Ila zilimeza betri sita, na Game Gear ilikuwa hoi baada ya saa tatu mpaka tano. Game Boy ilikula nne, zile za saa ya ukutani, na mtoto akacheza siku kadhaa kabla ya kurudi kumsumbua mama yake. Pamoja na mdogo wake wa rangi, Game Boy iliuza zaidi ya milioni 118. Game Gear iliuza kama milioni 10. Yokoi alikuwa na msimamo wake: chukua teknolojia iliyozeeka, ya bei nafuu, inayoeleweka, uipe kazi mpya. Fundi wa Gerezani, hapa Dar, anayegeuza pipa kuwa jiko angemwelewa bila mkalimani.

Mwaka jana mzee mmoja aliniletea Game Boy iliyokaa kabatini, betri zimevujia ndani, vyuma vimeota ukungu wa bluu. Nilisugua kwa siki na mswaki wa zamani, nikaacha ikauke, nikaweka betri mpya. Ikalia ile kengele yake. Mzee akakaa kwenye kiti changu mpaka nikafunga duka.

Turudi Tabata. Ningekuwa wewe ningenunua Switch, ya Nintendo hao hao, lakini fungua masikio, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Ziko aina. Ile ya kawaida, iliyotoka Machi 2017, ina kioo cha inchi 6.2, na ukiipachika kwenye doki yake, yaani kitako chake, picha inahamia kwenye TV. Padi zake mbili zinachomoka pembeni, kila moja ikawa padi ndogo ya mtu mmoja, kwa hiyo watoto wawili wanacheza pamoja bila kununua kitu cha ziada. Switch Lite ya mwaka 2019 ni ndogo, inchi 5.5, bei nafuu, rangi za kuvutia, na haiendi kwenye TV hata ukiisomea dua. Padi zake hazichomoki. Muuzaji hatakwambia. Muulize: "Doki yake iko wapi?" Akianza kueleza badala ya kuonyesha, shuka ngazi.

Kwa mashine ya kawaida, siku baba yuko safarini wanacheza sebuleni. Akirudi, wanaichomoa na kuondoka nayo bila kuupoteza mchezo walikofikia. Kwa nyumba yenye rimoti moja hilo lina thamani kuliko uzuri wa picha.

Kabla ya kulipia ya mtumba, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu ya kupima vijiti vya analogi, vile vya kusukuma kwa gumba, uviache bila kuvigusa. Nukta ikitambaa yenyewe, kijiti kimechakaa. Ndani ya vijiti vingi vya namna hii kuna ukanda mwembamba wa kaboni unaosuguliwa kila unapokisukuma, na ukilika mashine inadhani unabonyeza. Kuvibadilisha inawezekana, nafanya kila wiki, lakini punguza bei kwanza.

Huyo wa miaka 2 usimwogope sana. Kadi za gemu za Switch ni ndogo kama ukucha wa gumba, na zimepakwa makusudi kemikali chungu ili mtoto aziteme. Niliwahi kulamba moja nijue ukweli. Chakula cha mchana siku ile sikukifurahia.

Mkubwa atanuna. Kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, mpira wa Switch uliuzwa na majezi mapya na vikosi vipya, uchezaji ule ule wa nyuma, na waliozoea PS4 wanalijua hilo. Mtafutie toleo la karibuni zaidi. Ataendelea kununa kidogo. Na ugomvi hautakwisha, mwanangu, utahama tu kutoka sebuleni kwenda chumbani, ila huko baba yao hausikii.

"Assalaam aleikum. Huku kwetu Likoni stima hupotea ovyo. Nina betri ya sola ya volti 12, 100Ah, pamoja na inveta. Kijana wangu ana PS5 aliyoletewa na ami yake. Je, ataweza kuicheza stima ikipotea, ama nimtafutie ya mkononi?" – Baba wa Likoni

Waaleikum salaam. Tupige hesabu.

PS5 ikicheza gemu nzito inavuta wati 200 hivi. TV weka wati 80. Jumla 280. Betri yako kwenye karatasi ina wati-saa 1,200 (volti 12 mara 100), lakini kama ni ya asidi hutakiwi kuikamua zaidi ya nusu, la sivyo mwakani unanunua nyingine. Zimebaki 600. Inveta nayo inakata ushuru wake, hivyo sema 500. Gawanya kwa 280: haifiki hata saa mbili, na taa na friji hujavihesabu. PS4 Slim ingefika karibu saa tatu.

Sasa ya mkononi. Betri ya ndani ya Switch ina wati-saa 16. Kuijaza, pamoja na kinachopotea njiani, sema 20. Zile 500 zako zinaijaza mara ishirini na tano, na huhitaji inveta: chaja ya gari ya volti 12 inatosha. Kwa tokeni za stima ni hivyo hivyo. Saa tano za PS5 zinakula uniti moja nzima, kabla ya TV. Uniti hiyo hiyo ingejaza Switch mara hamsini.

Lakini kilichonifanya niichague barua yako si matumizi, ni ule mkato wenyewe. Mashine ya TV ikikatiwa umeme inakufa hapo hapo. Kama ilikuwa inahifadhi mchezo, faili linabaki nusu. PS4 nyingi nilizofungua zilikuja na hadi-diski iliyochoka kwa kuzimwa ghafla, na PS5, ingawa haina diski inayozunguka, nayo ikikatwa katikati ya kuandika imekatwa. Kisha stima hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachonipa ada za shule. Mwambie kijana wako, giza likiingia achomoe plagi ukutani, asingoje. Stima ikirudi ahesabu dakika tano ndipo achomeke, tena kupitia kilinda umeme kama kile cha friji. Mwenye gemu ya mkononi, giza likiingia, hajui hata kama limeingia.

PS5 usiiuze. Akipata ya mkononi itakuwa ya siku za giza.

"Niliuziwa 'PlayStation mpya ya mkononi.' Kioo kikubwa kizuri, vishikio vya padi pembeni. Nimefika nyumbani inaniomba waifai na PS5. PS5 sina. Imeharibika?" – Msomaji, Mwanza

Haijaharibika, kaka. Umeuziwa usukani bila gari.

Hiyo ni PlayStation Portal, iliyotoka Novemba 2023, kioo cha inchi 8. Gemu haichezeki ndani yake. Inachezeka ndani ya PS5 iliyo nyumbani, halafu picha inasafirishwa kwa waifai mpaka mikononi mwako na mibonyezo yako inarudishwa kwa njia hiyo hiyo. Inataka intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde kwa uchache, na wenyewe Sony wanashauri 15. Baadaye iliongezewa njia ya kuvuta gemu kutoka mtandaoni bila PS5, ila kwa usajili wa kulipia na katika nchi zilizomo kwenye huduma hiyo. Aliye na PS5 na familia inayong'ang'ania TV, hii ni mashine tamu sana. Asiye nayo ameshika kioo.

Mikononi, PlayStation za kujitegemea kweli zilikuwa mbili: PSP iliyotoka Japani Desemba 2004 na Vita ya Desemba 2011. Mrudie muuzaji leo hii, na boksi lake, kabla hujalikwaruza. Akikataa, itangaze kwa wenye PS5. Mwanza wapo, nawatengenezea.

"Dada, kaka yangu aliyeko Maskati alinipa PSP yake ya ujanani. Betri imevimba mpaka mfuniko hauingii. Nisukume tu?" – Wa Ng'ambo, Unguja

Usisukume! Wala usitoboe, wala usiweke juani ili "isinyae" kama nilivyosikia mtu akishauri kwenye daladala. Betri ya lithiamu ikizeeka inazalisha gesi ndani, na ikitobolewa huwaka. Itoe taratibu, iweke kwenye bati au chungu mbali na vitu vya kuungua, mpelekee fundi wa simu anayejua pa kuzitupa.

PSP yenyewe, bahati nzuri, inawaka kwa chaja bila betri, kwa hiyo unaweza kuijaribu leo kabla ya kutumia hata senti. Ikiwaka, tafuta betri mpya. Za zamani zilizokaa dukani miaka kumi na tano ni mzoga wenye lebo nzuri. Na siku ukiamua kuihifadhi kwa muda mrefu, iache na chaji nusu. Ikijaa kabisa au ikikauka kabisa, utaniandikia tena.

"Shemeji yangu baharia ameniletea PlayStation 2 kutoka Japani, na diski zake sita. Plagi yake inaingia kwenye adapta ya kawaida. Niwashe?" – Msomaji, Tanga

Usiwashe. Adapta hiyo inabadilisha umbo la plagi tu, haigusi umeme. Japani wanatumia volti 100 na Tanga inapata 230, kwa hiyo utasikia mlio mmoja, uone moshi, na shemeji atakuuliza mbona hukumsubiri. Nunua transfoma ya kushusha umeme, yenye nguvu ya kutosha, kisha geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kabla ya kuwasha.

Kuna la pili. PS2 imefungwa kwa eneo, hivyo diski za Ulaya zinazozunguka huku kwetu haitazisoma. Una mashine na diski sita, basi. Laiti shemeji angeleta Game Boy: kaseti ya Tokyo inaingia na kucheza kwenye Game Boy ya popote, na betri za dukani ni zile zile.

"Niko chuo Dodoma, nakaa hosteli chumba cha watu wanne. Nimepata hela ya mradi. Nachagua kati ya Steam Deck ya mtumba na Xbox Series S. Laptopu yangu imekufa." – Mwanachuo

Mwanangu, sentensi yako ya mwisho umeitupa kama takataka, kumbe ndiyo barua yenyewe.

Steam Deck, iliyotoka Februari 2022, ni kompyuta ya mkononi iliyovaa nguo za gemu. Ndani ina Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ukikishikilia kitufe cha kuwashia ukachagua hali ya mezani, unapata skrini kama ya kompyuta yoyote. Unganisha kibodi na maus na kioo cha kuazima maktaba, unaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Series S ni mashine nzuri, nyepesi, lakini chumba cha watu wanne hosteli TV utaiweka juu ya kitanda cha nani? Na haina mahali pa diski, kila kitu unapakua.

Hata Steam Deck kila kitu unapakua, nisikufiche. Gemu moja kubwa ni gigabaiti 50, nyingine 100, na hilo kwa bando la mwanachuo ni njaa. Chagua gemu ndogo; zipo nzuri zisizofika hata gigabaiti mbili, na ndizo mashine hii inazipenda. Betri ya toleo la kwanza ni wati-saa 40. Valve, waliotengeneza mashine hii, wanasema saa mbili hadi nane, na zote mbili ni kweli: gemu nzito inaimaliza kabla mhadhara haujaisha, gemu nyepesi inakutoa Dodoma mpaka Dar kwa basi. Kabla ya kusafiri, zifungue gemu zako ukiwa na intaneti, kisha weka hali ya bila mtandao, ujaribu ukiwa bado chumbani. Usigundue Gairo kwamba inakudai uingie kwenye akaunti.

Na akaunti! Ya mtumba hakikisha muuzaji amefuta ya kwake mbele ya macho yako. Gemu zake haziji na mashine, hata akikuapia. Hapa ndipo mashine ya diski inapozizidi zote: diski ya PS4 ukiichoka unaibadilisha Kariakoo kwa kuongeza elfu chache. Gemu ya kupakua unakufa nayo.

"Mama Gemu, nina mtaji wa kufungua kibanda Kihonda, Morogoro. Rafiki yangu ananishauri ninunue gemu za mkononi kumi badala ya TV na PS4. Anasema hazili umeme, hazichukui nafasi, na wateja kumi wanacheza kwa wakati mmoja badala ya wanne. Hesabu yake naiona iko sawa." – Kijana wa Kihonda

Hesabu ya rafiki yako iko sawa kabisa, na kibanda kitakufa miezi mitatu. Najua kwa sababu niliijaribu.

Ilikuwa masika moja, Mwananyamala imejaa maji, umeme unakatika kila jioni. Nikanunua gemu mbili za mkononi za mtumba, nikazikodisha kwa nusu saa. Wiki ya kwanza nilijiona mjanja. Pesa inaingia, LUKU haisogei. Wiki ya pili nikaona kitu ambacho sikukielewa mara moja: kibanda kimekuwa kimya. Mtoto anakuja, analipa, anajikunyata pembeni, kichwa chini, muda ukiisha anaondoka bila kuaga. Hakuna aliyekaa kumsubiri. Hakuna aliyenunua ubuyu. Wiki ya tatu moja ya zile mashine iliondoka mfukoni mwa mteja. TV ya chogo haijawahi kutoka mfukoni mwa mtu.

Nikakaa nikajiuliza nauza nini hasa. Kwangu ilikuwa mechi moja shilingi mia tano, na sheria ya benchi unaijua: aliyefungwa ndiye anayelipa, mshindi anabaki. TV moja ina wachezaji wawili. Lakini nyuma yao nilikuwa na benchi la watu wanane, na wengine wamesimama mlangoni wanazuia upepo. Hao hawakulipa kitu siku ile, ila ndio waliofanya mia tano iwe na maana. Kijana akipiga chenga akafunga, anageuka nyuma kabla ya kutazama marudio. Anatafuta nyuso. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mchezaji wa kawaida tu, aliyetangaza mechi za wenzake kwa sauti ya redio. Siku asipokuja mauzo yalishuka, nikawa nampa chai bure. Kioo cha inchi tano kinatazamwa na macho mawili. Huwezi kukitangazia mechi.

Usidhani nasema gemu ya mkononi ni ya wapweke. Game Boy ilikuwa na waya wa kuunganisha mbili, na mwaka 1996 Japani zikatoka Pokémon za kwanza, Nyekundu na Kijani, zilizopangwa makusudi ili mtoto asiweze kukusanya wanyama wote peke yake: baadhi wako kwenye kaseti hii, baadhi kwenye ile, lazima umtafute mwenzako mbadilishane kwa waya. Watoto walikutana kwa ajili ya hiyo. Lakini tazama, kila mmoja alikuja na mashine yake na kaseti yake. Mkusanyiko wa namna hiyo unahitaji watu wenye navyo. Kibanda kinaishi kwa sababu Kihonda nzima ina watu wasio navyo, na hata walio navyo nyumbani hawana wa kumfunga.

Basi fanya hivi. PS4 mbili za diski, TV mbili za inchi 32, zilizofungwa ukutani kwa nondo. Kilinda umeme kwa kila mashine. Padi sita, si nne, maana mbili zitakuwa kwa fundi daima; mtu akifungwa dakika ya tisini padi ndiyo inayoadhibiwa. Zungusha waya wa padi kwenye msumari wa meza, hata kama ni za kutumia bila waya, kwa ile habari ya mifuko. Leseni kata mapema, na saa za shule usimruhusu mwenye sare avuke mlango, hata akikuambia ametumwa na mwalimu. Mtendaji wa kata atapita, na wazazi watakuwa wamempita kabla yake.

Gemu ya mkononi nunua moja, iwe yako, ya kukaa kaunta asubuhi kabla wateja hawajaja. Kwa pesa itakayobaki mtafute seremala. Benchi liwe la mbao ngumu, la plastiki litapasuka siku ya fainali, na lifanye refu kuliko unavyodhani unahitaji.